Sura ya Tano: Kutoka Msimbazi hadi Mlango wa Hoteli

Tiketi ya ndege huandika viwanja viwili na saa mbili, basi. Inasema utaondoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere saa fulani na utashuka Dubai, Guangzhou au Istanbul saa fulani. Haisemi utatokaje Mtaa wa Aggrey na mabegi yako, wala utafikaje kitandani baada ya kutoka mlango wa uwanja wa ugenini usiku, mahali usipojua hata neno moja la wenyeji. Vipande hivyo viwili wasafiri wengi huviachia bahati. Mtu atazunguka kwa mawakala wa tiketi mchana kutwa akitafuta nafuu ya dola 30, halafu azitoe zote, na nyingine juu yake, kwa dereva wa kwanza aliyemshika begi nje ya uwanja.

Nimemchagua msafiri wa Kariakoo kwa sababu anasafiri kwa fedha yake mwenyewe. Hana ofisi ya kumtumia gari. Mara nyingi safari yake ni kazi na likizo kwa pamoja: siku chache za kununua mzigo, siku chache za kupumzika, pengine mume au mke yuko naye na mtoto mmoja. Wala si lazima awe mkazi wa Dar es Salaam. Nyumba za wageni za Kariakoo hulaza watu wa Mwanza, Mbeya, Lubumbashi na Moroni, na wengi wao usiku unaofuata wanalala angani. Kwa hiyo mipango ya ardhini ni ya wote hao, na ninaamini inastahili daftari lake, si kukumbukwa kichwani tu.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo watu huachwa na ndege wakiwa bado wamo nyumbani. Ndege kadhaa za kimataifa huondoka Dar usiku wa manane. Tuseme tiketi imeandikwa 03:40, Jumamosi tarehe 12. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumamosi. Msafiri anatakiwa awe uwanjani kabla ya saa saba usiku, na hivyo atoke Kariakoo Ijumaa saa tano na nusu usiku. Lakini jicho likiona "Jumamosi 12", akili inapanga kufunga duka Jumamosi jioni, kuaga wazee, kula na kuondoka usiku huo. Wakati anaaga, ndege yake imeshatua zamani huko ilikokuwa ikienda.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye kalenda ya ukutani nyuma ya kaunta usiandike saa ya ndege. Andika saa ya kutoka nyumbani, kwa maneno: "Ijumaa, saa tano na nusu usiku, natoka." Dereva naye mwambie vivyo hivyo. Ukimpigia saa nne usiku ukamwambia "kesho saa tisa usiku", yeye ana haki ya kuelewa usiku huu au usiku ujao. Ukimwambia "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, nichukue saa tano na nusu", hakuna tena la kubahatisha. Mwambie arudie, umsikie.

Saa za huko nazo ziandikwe mapema. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, Guangzhou kwa saa tano. Istanbul wanatumia saa ileile ya Dar mwaka mzima. Hiyo ni raha kwa anayepanga, kwani akisema saa mbili usiku, ni saa mbili huko na huku.

Sasa barabara. Kutoka Kariakoo hadi uwanjani ni kilomita kama 10, umbali ambao usiku mtulivu humalizika upesi na Ijumaa jioni unaweza kula saa nzima na zaidi. Njia ya kawaida ni Barabara ya Nyerere: Kamata, Veta, Tazara, Jet, halafu uwanja. Pale Tazara palikuwa na kero kubwa kabla ya daraja la juu la Mfugale kufunguliwa mwaka 2018. Leo kinachokukamata zaidi ni magari ya watu wanaorudi makwao Ukonga na Gongo la Mboto jioni. Njia ya akiba ni Barabara ya Uhuru kupitia Ilala Boma na Buguruni, kisha Mandela hadi Tazara. Nayo hujaa, ila mara nyingi haijai kwa wakati mmoja na mwenzake, na dereva anayejua kazi yake huuliza wenzake kwa simu kabla hajachagua.

Ukweli ni kwamba kipande kigumu kuliko vyote ni mita mia chache za mwanzo. Simama Mtaa wa Sikukuu jioni uone. Fuso limeegeshwa upande mmoja, vijana wanashusha marobota. Upande wa pili mikokoteni imepangana, kuna guta limebeba viti vya plastiki hadi juu ya kichwa cha mwendeshaji, na meza za wamachinga zimebakiza njia ya watu wawili kupishana kwa ubavu. Teksi ikiingia humo kukufuata mlangoni haitoki. Wenyeji hawaiiti ndani. Wanamwambia dereva asubiri Lumumba, Msimbazi au upande wa Gerezani, na mabegi yanatangulia kwa toroli au kirikuu, mtu mmoja wa nyumbani akiandamana nayo. Malipo ya mbeba mzigo yapangwe kabla hajashika begi, na pasipoti isiwekwe ndani ya begi linalotangulia.

Kuna jambo moja la majira ambalo wauza tiketi hawalitaji. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yale yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka: katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Angalia kalenda yetu. Ya kwanza yako katikati ya masika, ya pili yanaangukia vuli. Maana yake, watu wetu wengi wanaondoka Dar kwenda China katika wiki zilezile ambazo Mto Msimbazi hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Anayetoka Kimara, Magomeni au Mbezi siku kama hiyo asijipe saa moja. Ajipe tatu, au alale upande wa uwanja. Ongeza na misafara ya viongozi, kwa sababu Barabara ya Nyerere ndiyo wanayopita kwenda kupanda ndege, na ikisimamishwa hakuna wa kumlalamikia.

Usafiri gani? Daladala za Gongo la Mboto hupita mbele ya uwanja, na kwa mtu wa begi moja la mgongoni mchana hazina tatizo lolote. Bajaji ni nzuri kwa mtu mmoja na begi dogo. Teksi za mtandao zimetusaidia kujua bei kabla ya kupanda, lakini usiku wa mvua dereva anaweza kuifuta safari dakika anazotakiwa kuwa mlangoni, na hutakuwa na mtu wa kumdai. Kwa safari ya nje, usiku, nakushauri dereva unayemfahamu, mwenye gari la biashara lenye namba nyeupe, mliyekubaliana naye bei mapema. Programu ya simu iwe ya akiba, na uifungue dereva wako anapochelewa robo saa, usingoje hadi uanze kutetemeka. Mtajie pia jengo. Safari za kimataifa huondokea Jengo la Tatu, ambalo madereva huliita Terminal 3. Lilizinduliwa Agosti 2019, limejengwa kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka, na liko mbali na Jengo la Pili kiasi kwamba kulivukia kwa miguu na mabegi matatu ni adhabu. Anayetoka Mwanza kwa ndege ya ndani akiwa na tiketi mbili tofauti aujue umbali huo, na ajue kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kumsubiri.

Wanaotoka bara kwa treni wana habari njema. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, na safari ya Dodoma iliyokuwa ya kutwa kwa basi imekuwa ya saa tatu na ushee hadi nne. Watu wameanza kuondoka Dodoma na kupanda ndege siku hiyohiyo. Inawezekana, kwa masharti. Usipande treni ya mwisho kabla ya ndege yako, panda iliyotangulia. Na kabla ya kukata tiketi uliza kama treni hiyo inasimama Pugu. Stesheni ya Pugu iko nje ya mji, upande wa uwanja. Anayeshuka huko anaendelea kidogo tu kwa Barabara ya Nyerere, wakati anayeshuka katikati ya mji anaupita msongamano wote kurudi uwanjani.

Wa mabasi hushuka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Wengi hukimbilia mwendokasi hadi Gerezani, walale Kariakoo. Kama una siku nzima mkononi, sawa. Kama ndege ni usiku huo, mwambie dereva akupitishe Malamba Mawili na Kinyerezi, utokee Banana, Ukonga. Hapo uwanja uko karibu na hujagusa Jangwani wala Kariakoo.

Tuvuke sasa. Dubai ni mji uliopangwa vizuri kwa msafiri, ila una mitego mitatu. Treni ya mjini, iliyofunguliwa Septemba 2009, inasimama Jengo la Kwanza na la Tatu la uwanja. Haisimami Jengo la Pili, ambalo Flydubai hulitumia sana. Mtego wa pili ni saa: treni hiyo hufungwa usiku na kuanza tena asubuhi saa kumi na moja, na Jumapili haianzi hadi saa mbili asubuhi. Ukitua karibu saa sita usiku, mpango wako uwe teksi tangu nyumbani. Teksi za uwanjani huanza kuhesabu kwa dirham 25, mita inafanya kazi, na mtaa wa Deira ni jirani, hivyo hakuna sababu ya kumsikiliza mtu anayekuvuta pembeni kwa bei ya mdomo.

Mtego wa tatu unawahusu hasa watu wetu. Abiria wa treni anaruhusiwa begi moja kubwa, lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na moja dogo. Wakati wa kwenda hilo linatosha. Wakati wa kurudi, ukiwa na mabegi yaliyovimba na boksi limefungwa gundi, utazuiwa getini. Kwa hiyo panga hivi: kwenda treni, kurudi teksi, na fedha ya teksi ya kurudi iwekwe kando siku ya kwanza, kabla hujaingia dukani hata mara moja. Dragon Mart nako, ambako wauza vyombo na mapazia huenda, ni mbali na Deira. Bei ya teksi ya kwenda na kurudi iingie kwenye gharama za mzigo.

Guangzhou inahitaji maandalizi zaidi, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Jambo la kwanza ni simu. WhatsApp na ramani za Google zimefungwa kwenye mtandao wa China. Mwenyeji aliyeahidi kukusubiri na kukuelekeza kwa WhatsApp anaweza asikupate kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutoka Dar pakua Alipay na WeChat, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, hakikisha zimekubali. Ndani ya Alipay utapata hata huduma ya kuita teksi. Mji ule unalipa kwa simu kuanzia soko la jumla hadi muuza mahindi ya kuchemsha, na mgeni mwenye noti za dola tu hukwama mlangoni mwa treni.

La pili ni anwani. Dereva wa teksi wa Guangzhou hasomi herufi zetu. Ukimwonyesha jina la hoteli kwa Kiingereza atatikisa kichwa na foleni nyuma yake itaanza kupiga honi. Iombe hoteli ikutumie jina, mtaa na namba ya simu kwa herufi za Kichina. Zihifadhi kama picha, kisha ichapishe picha hiyo kwenye karatasi kwa maandishi makubwa, kwa sababu chaji huisha. Karatasi ya namna hiyo nimeiona mikononi mwa mama mmoja wa Kariakoo: upande mmoja hoteli, upande wa pili soko anakonunua, katikati imekunjwa mara nyingi hadi ikaanza kuchanika, na bado kila dereva aliyepewa aliitazama mara moja tu akawasha gari.

Treni ya mji inaingia hadi chini ya Uwanja wa Baiyun. Watu wetu wengi hulala Xiaobei au Sanyuanli. Ukipanda Laini ya 3 uwanjani, unashuka Jiahewanggang, unaingia Laini ya 2, na Sanyuanli iko kwenye laini hiyohiyo. Wa Xiaobei aendelee kituo kimoja mbele hadi Guangzhou Railway Station, ahamie Laini ya 5, ashuke kituo kinachofuata. Ni rahisi ukishayaandika majina hayo kwa mpangilio. Ila treni hulala kabla ya saa sita usiku, na ukiwa na watoto wenye usingizi, panga foleni rasmi ya teksi na uoneshe karatasi yako.

Anayefuata simu na vipuri Shenzhen ana bahati nyingine: Laini ya 2 inaishia Guangzhou South, stesheni ya treni za kasi, na kutoka hapo Shenzhen North ni safari fupi, chini ya saa moja. Tiketi hukatwa kwa pasipoti, na jina lazima lifanane na pasipoti kama lilivyo. Sisi tuna majina matatu, na mengine huandikwa kwa namna mbili. Ukiandika mawili kwenye tiketi na matatu yako kwenye pasipoti, unajitafutia maelezo marefu na askari. Mageti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Mwenye pasipoti ya kigeni apite kwenye lango lenye mhudumu. Aende mapema, kwa kuwa stesheni yenyewe ni kubwa kama uwanja wa ndege na begi hukaguliwa kwa mashine.

Wanaokwenda Yiwu wajihadhari na Shanghai. Ndege za mbali hutua Pudong, mashariki ya mji. Treni nyingi za Yiwu huondoka Hongqiao, magharibi. Kati ya hizo mbili ni kuvuka mji mzima. Laini ya 2 ya treni ya mjini huziunganisha, lakini jipe saa tatu baada ya kutua kabla ya kukata tiketi ya treni, kwani pasipoti na mabegi navyo vina foleni zake.

Istanbul nitaipita kwa ufupi. Angalia kwanza tiketi imeandika uwanja gani, maana viko viwili na mmoja, Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia, ng'ambo ya Bosphorus. Uwanja mkubwa uliohamiwa Aprili 2019 uko kaskazini, mbali na Laleli wanakonunua nguo watu wetu. Mabasi ya Havaist yanafika Aksaray, hatua chache kutoka Laleli, na kwa mtu mwenye mabegi ndiyo nafuu. Asiye na mzigo anaweza kupanda treni ya M11 hadi Gayrettepe, aingie M2, ashuke Vezneciler.

Nimesema mengi kuhusu kujitegemea, na sitaki yaeleweke kama kudharau desturi yetu ya kupokelewa. Ukifika Muscat, ambako jamaa zetu wengi wanaongea Kiswahili nyumbani, si ajabu ukamkuta binamu, mkewe na watoto wamesimama mlangoni, na kumkatalia mtu huyo kwa ajili ya teksi ni kumvunjia heshima. Pokelewa. Ila mpe namba ya ndege, si saa peke yake, ili aweze kuifuatilia mwenyewe ikichelewa. Na uwe na anwani yake yote, mtaa na namba ya nyumba, kwa sababu binamu naye huugua, gari nalo huharibika, na ofisa wa uhamiaji atakuuliza unafikia wapi.

Kurudi kupangwe siku ileile ya kwenda. Hoteli nyingi hutaka chumba saa sita mchana au kabla, na ndege yako ni usiku. Uliza kama watakutunzia mabegi na kama kuna mahali pa kuoga. Pima mabegi hotelini, si kwenye kaunta ya uwanja, mahali ambapo kilo zilizozidi hulipiwa bei ya ndege na watu wanaishia kufungua nguo zao mbele ya umati. Mzigo mzito uende kwa wakala wa meli au wa ndege, wewe ubaki na sampuli na zawadi. Risiti za vitu vipya ziwe mfukoni, kwa ajili ya maofisa wa forodha wa TRA pale Jengo la Tatu.

Dereva wa Dar naye apewe namba ya ndege ya kurudi kabla hujaondoka, pamoja na majina ya unaofuatana nao na idadi ya mabegi unayotarajia. Gari lililokupeleka mkiwa wawili na mabegi mawili halitabeba watu haohao na mabegi matano. Mwambie aje na Noah, au aje na mwenzake, na ndege ikikwama Addis Ababa atajua kwa simu yake mwenyewe, alale kwanza.